Moshi wa Ng'ambo ya Shamba

Kila asubuhi, kabla hajabandika kahawa, Raili alisogeza pazia la dirisha la jikoni akatazama moshi wa baba yake.

Hakuwa peke yake. Watu wa Barabara ya Salo, huku kaskazini mwa Michigan, wote walikuwa hivyo. Wazee wao walitoka Ufini wakaja na kimya chao, na kimya hicho watoto walikirithi pamoja na mashamba. Hakuna aliyempigia mwenzake simu kumuuliza amelalaje. Ulitazama nje, ukaona bomba la jirani linafuka, ukajua ameamka, amevaa viatu, ametoka na kuulisha moto wake. Moshi ukipanda, mambo ni shwari. Moshi ukikatika, ndipo unatafuta koti.

Karibu kila nyumba ilipata joto lake kutoka kwenye boila la nje. Lilikuwa kibanda cha chuma, ukubwa wake kama banda la kuku, kimesimama uani hatua chache kutoka nyumbani, na dohani juu yake. Ndani mlikuwa na moto, na maji yameuzunguka moto. Maji yalipochemka, pampu iliyasukuma kwenye mabomba yaliyofukiwa ardhini mpaka ndani ya nyumba, chini ya sakafu, kwenye kuta, jikoni. Nyumba haikuingia majivu wala harufu. Ila boila halikuwa na likizo. Lilitaka kuni asubuhi na lilitaka kuni jioni, uwe mgonjwa, uwe na msiba. Ukiliacha lizimike katikati ya baridi, maji yanaganda, chuma kinapasuka, na nyumba inafuata.

Wiki ile moshi wa Arvo Pelkonen ulipanda kama kawaida, na Raili aliutazama kama mtu anayemtazama aliyemnunia.

Ugomvi ulikuwa wa Jumapili. Usiku wa kuamkia siku hiyo Tilda, binti yake wa miaka minne, alikuwa ameketi kitandani akivuta pumzi kwa sauti kama filimbi, mabega yakipanda na kushuka, na dawa ya pumu haikumsaidia upesi kama ilivyozoea. Dale, mume wa Raili, alikuwa safarini na lori lake la magogo. Kulipokucha Raili alimwacha mtoto kwa jirani, akavuka shamba kwa miguu. Alimkuta baba yake mbele ya mlango wa boila, upande ule wa nyuma unaotazama msitu, chini ya kijipaa cha mabati alichokijenga ili theluji isimwangukie akitia kuni.

"Baba, Tilda hakulala."

"Watoto hawalali. Wewe ulikuwa hulali."

"Hakulala kwa sababu ya kifua. Moshi wako umetanda mpaka chumbani kwake."

"Upepo ndio umeutandaza. Kagombane na upepo."

"Sicheki, Baba."

"Kwani mimi nacheka?"

Alikuwa na miaka sabini na tisa na mgongo uliokuwa umeanza kukunjika, lakini alisimama ameegemea koleo lake la majivu kama mlinzi wa lango. Raili alimpita akachungulia ndani ya tanuru. Kuni zilikuwa zinalia, na povu lilikuwa linatoka kwenye ncha zake.

"Hizi kuni ni mbichi."

Arvo alikung'uta majivu kwenye koleo.

"Baba, ni mbichi kabisa. Wewe? Wewe uliyekuwa unawacheka watu wanaochoma kuni za mwaka huohuo? Ndiyo maana moshi mzito hivi."

"Kuni ni kuni," alisema, akageuka kupanga vipande ambavyo tayari vilikuwa vimepangika.

Baadaye sana Raili angeukumbuka mgongo ule uliogeuka. Angejua kwamba kuni zilikuwa mbichi kwa sababu kiangazi kilichopita, kwa mara ya kwanza maishani, mzee alishindwa kuzipasua kwa wakati, na hakutaka mtu ajue. Lakini Jumapili ile alikuwa na filimbi ya kifua cha mwanawe masikioni.

"Zima hilo dude," alisema. "Njoo ukae kwetu. Chumba kipo."

"Chumba kipi? Kile cha mashine ya kufulia?"

"Mashine tutaitoa."

"Halafu nguo mtafulia wapi, ziwani?" Alitia kipande kingine. "Moshi huu ndio uliokulea. Hukukohoa hata siku moja."

"Mimi nilikuwa na bahati. Tilda hana. Zima, Baba. Usipozima mimi sivuki tena shamba hili, na Tilda havuki."

Arvo alisukuma mlango wa chuma ukajifunga.

"Kutovuka shamba," alisema, "ni kazi nyepesi. Hata mimi nikijaribu nitaiweza."

Wakaachana hapo. Raili alirudi akiwa anakanyaga nyayo zake mwenyewe, akijizuia asitazame nyuma, na hakuitwa.

Jumatatu moshi ulipanda. Jumanne na Jumatano vilevile. Tilda alipata nafuu kidogo kwa kuwa upepo uligeukia ziwani. Raili alisema moyoni kwamba mzee akipiga simu, hata kama ni kuuliza tu kama wanayo chumvi, angevuka siku hiyohiyo. Simu haikulia. Naye hakuipiga. Kwa nini aipige, na moshi anauona?

Alhamisi jioni theluji ilianza kuanguka, laini, bila haraka. Giza lilipoingia taa ya jikoni ya Arvo iliwaka ng'ambo, doa la njano katikati ya weupe. Raili alipokwenda kulala ilikuwa bado inawaka. Alishangaa kidogo, maana baba yake alikuwa mtu wa kuzima taa hata ya chumba ulichomo. Akasema labda anasoma gazeti.

Ijumaa asubuhi taa ilikuwa bado inawaka, rangi yake imepauka kwenye mwanga wa mchana. Na moshi ulikuwepo, mwembamba, umesimama wima. Raili alishusha pumzi, akabandika kahawa.

Alipokuwa anakunywa ndipo alipoona njia. Theluji ilikuwa imejaa kwenye njia ya gari ya Arvo kutoka nyumbani hadi barabarani, na haikuguswa. Mzee yule alikuwa hawezi kuvumilia theluji. Kwa kawaida, kabla wengine hawajanawa uso, yeye alikwisha panda trekta lake na kuisukumia kando.

"Hana pa kwenda," Raili alijisemea kwa sauti. "Anasukuma theluji ya nini kama hana pa kwenda."

Tilda, aliyekuwa anakula uji wake, aliuliza, "Nani hana pa kwenda?"

"Babu."

"Aje huku basi."

Raili akamfuta mdomo.

Haukupita muda moshi ukabadilika. Ulianza kutoka mnene, kisha ukawa mweusi, mweusi wa lami, ukijiviringisha juu ya shamba jeupe. Upepo ulikuwa umerudi. Raili alitazama wingu lile likiinama na kuanza kuja upande wao, na uso ukamwaka moto. Alikimbia kufunga tundu la hewa la chumbani kwa mtoto, akakunja taulo lenye maji akaliziba chini ya mlango.

Ndani ya pilikapilika hizo Verna Kesti akabisha na kuingia, kama alivyozoea kufanya, bila kungoja kuitikiwa. Alikuwa mjane wa nyumba ya mwisho ya barabara, mkubwa wa mwili na wa sauti, na mkononi alishika mkate mtamu wa iliki umefungwa kwenye kitambaa.

"Mwanangu, baba yako anachoma nini leo? Tairi?"

"Ananichomea mimi, Bi Verna."

"Mmegombana?"

"Nilimwambia azime. Kwa ajili ya kifua cha mtoto. Sasa ndio anajibu."

Verna alijisogeza dirishani akatazama kwa muda, mikono kiunoni. "Ee, hao ndio Wapelkonen. Babu yako, huyo Kaarlo, alinuniana na marehemu mume wangu miaka tisa kwa ajili ya msumeno. Hata kugombana kwa mdomo hawawezi, mpaka wapitishe kwenye bomba." Akacheka, tumbo likamtikisika. "Nunua na wewe tairi, umjibu."

Raili alinyoosha kidole. "Unaona njia yake? Hajasukuma theluji."

"Anangoja wewe uione usikitike."

"Na taa imewaka usiku kucha."

Verna alitazama tena. Kwa kitambo kifupi sura yake ilitulia, kicheko kikaondoka, na Raili alimngoja aseme neno. Lakini macho ya yule mama yalipanda kutoka kwenye taa mpaka kwenye bomba, na uso wake ukarudi kama ulivyokuwa.

"Moshi si huo?" alisema. "Mtu anayetoka nje kwenye baridi hii kuchoma uchafu kwa hasira ni mzima kuliko mimi. Kata mkate huo, bado una joto."

Wakaukata, wakanywa kahawa.

Alasiri moshi ulifanya jambo lingine. Ulitoka kwa mafungu. Bomba lilitema donge zito, likanyamaza. Likatema lingine, likanyamaza. Tilda alikuwa amepanda kiti cha dirishani, paji la uso limegusa kioo.

"Mama, Babu anatengeneza mawingu."

"Shuka hapo, kioo kina baridi."

"Ananiita." Mtoto akapunga mkono, polepole, kama watu wanavyopungiana stesheni.

"Hakuiti. Shuka, nimesema."

Raili akavuta pazia. Mkono wake ulibaki juu ya kitambaa muda kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kufanya. Kabla ya chakula cha jioni alinyanyua simu, akabonyeza namba mbili za mwanzo za nyumba ya baba yake, akairudisha. Wa kuomba radhi hakuwa yeye. Na moshi, alipochungulia pembeni ya pazia, ulikuwepo bado, mweupe sasa, dhaifu kidogo, ukipanda kwenye anga iliyokuwa inakauka kwa baridi. Taa ilikuwa inawaka. Mambo ni shwari.

Jumamosi alisogeza pazia, na moshi haukuwepo.

Alisimama. Akafikiri ni mwanga, akasogea upande mwingine wa dirisha. Bomba lilionekana wazi kabisa, fimbo nyeusi juu ya paa la boila, na juu ya fimbo hapakuwa na kitu, ni anga tupu ya samawati. Hata ule mtetemo wa hewa ya moto unaobaki moto ukilala haukuwepo. Katika maisha yake yote, tangu alipojua kutazama, hakuwahi kuona bomba lile likiwa tupu wakati wa baridi. Hata siku waliyomzika mama yake lilikuwa linafuka. Arvo alitoka kanisani na suti yake akaenda kutia kuni.

Hakukumbuka kuvaa koti. Alikumbuka kumvalisha Tilda, vidole vikikataa vifungo, na mtoto akiuliza, "Tunavuka? Ulisema hatuvuki." Pikapu haikuweza kupita kwenye njia ya Arvo, kwa hiyo aliiacha barabarani, akambeba mtoto mgongoni na kuipasua theluji iliyomfika magotini.

Mlango wa nyumba haukufungwa kwa ufunguo. Ndani taa ilikuwa inawaka. Mezani palikuwa na kikombe cha kahawa kimejaa, kimepoa, utando juu yake, na miwani pembeni. Alipogusa bomba la ukutani halikuwa na joto wala halikuwa na baridi, lilikuwa kama mkono wa mtu anayepoteza homa.

"Baba?"

Alimketisha Tilda kwenye kiti cha babu yake, akamfunika kwa blanketi.

"Usitoke hapa."

"Babu yuko wapi?"

"Usitoke, Tilda. Mama anarudi."

Kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye boila hapakuwa na unyayo hata mmoja. Theluji ya Alhamisi ilikuwa imelala pale nzima nzima, laini kama shuka iliyopigwa pasi. Ndipo baridi ya kweli ilipomwingia Raili, si ile ya nje. Jana moshi ulikuwa umetoka mchana kutwa. Nani alikuwa anatia kuni, na hakuna aliyetoka nyumbani?

Alisikia feni kabla hajafika. Boila lilikuwa na feni ndogo ya kupuliza moto, iliyojiwasha yenyewe maji yakianza kupoa, na ilikuwa inalia sasa, mfululizo, ikipuliza mahali ambapo hapakuwa na cha kupuliza. Alizunguka kona.

Mlango wa tanuru ulikuwa wazi kabisa. Na baba yake ndiye aliyemchapa Raili alipokuwa na miaka sita kwa kuuacha wazi.

Naye alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye chuma, chini ya kijipaa cha mabati, mguu mmoja umelala upande ambao mguu haulali. Pale mbele ya mlango, ambapo theluji huyeyuka kwa joto na kuganda tena, palikuwa na barafu ya kijivu, na alama ndefu ya kisigino kilichoteleza ilikuwa imehifadhiwa ndani yake tangu Alhamisi jioni, kabla theluji haijafunika nyayo zake. Turubai lililokuwa linafunika kuni halikuwepo. Zilibaki kamba zake tu. Kwenye mguu mzima hapakuwa na kiatu. Soksi ilikuwa imeganda, imekuwa ngumu kama gome.

Turubai. Kisha buti la mpira. Moshi mweusi wa lami.

Raili alipiga magoti. "Baba. Baba. Baba."

Uso wa Arvo ulikuwa na rangi ya nta. Nyusi zilikuwa na barafu. Lakini kwenye pembe ya mdomo mvuke kidogo ulitoka, ukakatika, ukatoka tena.

Alimvua glavu akayashika mapajani mwake yale makono makubwa, akayasugua, na ndipo macho yake yalipoingia ndani ya tanuru. Alitegemea kuona majivu makavu, moto uliokufa kwa njaa. Aliona matope. Majivu meusi yalikuwa yamelowa, na juu yake kulikuwa na theluji iliyoyeyuka nusu, bado na umbo la koleo lililoibeba. Koleo la majivu lilikuwa limelala kando ya goti la mzee. Upande wa pili, mahali ambapo mkono wake ulifika bila taabu, palikuwa na vipande vitatu vya kuni. Vilikuwa vikavu. Vilikuwa vya mwaka juzi, vya mti mgumu, aina ile ambayo kipande kimoja tu kingempa joto masaa kadhaa.

Hakuishiwa. Moto haukumfia. Aliuua.

Midomo ya Arvo ilisogea. Raili alitega sikio.

"Nilikuita," alisema mzee. Sauti ilikuwa kama karatasi.

"Najua."

"Jana. Nilikuita kwa... mweusi. Nikafungua, nikafunga. Mafungu mafungu."

"Niliona, Baba. Tulikuwa tunaona."

Alingoja apate pumzi. "Halafu nikawaza. Huyu mtoto akiona moshi, haji. Hata ningechoma nyumba nzima, haji. Anasema, mzee yupo." Kitu kama tabasamu kilipita kwenye barafu ya masharubu. "Ulisema nizime."

"Baba, usiseme."

"Basi. Nimezima."

Raili aliuma ukosi wa koti lake ili asitoe sauti ambayo Tilda angeisikia. Kisha alisimama, kwa sababu kulia ni kazi ya baadaye, akakimbia ndani, akapiga simu. Mwanamke wa upande wa pili alimwambia asimsogeze mgonjwa aliyevunjika nyonga, amfunike, ampe joto, na kwamba gari la wagonjwa linatoka sasa ila barabara haijasafishwa, greda litatangulia mbele, avumilie. Hakusema avumilie mpaka lini. Raili alikusanya mablanketi yote, mto, na koti la marehemu mama yake lililokuwa bado limetundikwa kabatini.

"Umempata Babu?" Tilda aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Nimempata."

"Ana hasira?"

"Hana. Kaa hapo hapo, kipenzi."

Alimfunika baba yake mpaka kidevuni, akaufungia ule mguu wa soksi ndani ya koti la mama. Haikutosha. Chuma kilichokuwa mgongoni mwake kilikuwa kinapoa na kumnyonya joto lililobaki. Lilikuwapo jambo moja tu la kufanya, na mikono yake ililijua kabla ya kichwa. Alikokota matope yakatoka nje, akachuna gome jeupe kwenye rundo kama alivyofundishwa utotoni, akaliwasha kwa kiberiti kilichokaa siku zote kwenye kopo chini ya kijipaa, akaweka juu yake vile vipande vitatu.

"Usivijaze," mzee alinong'ona, macho yamefumba. "Vipe nafasi. Vipumue."

"Najua, Baba."

"Hujui. Siku zote unajaza."

Moto ulishika. Ulinguruma kidogo, feni ikaukamata, na joto likatoka mlangoni likawapiga wote wawili usoni. Raili alijibana ubavuni mwa baba yake, akauingiza mkono mmoja wa mzee ndani ya shati lake mwenyewe. Juu ya vichwa vyao dohani ilikohoa. Alisikia, bila kutazama, ile sauti nyepesi ya moshi unaoanza kupanda.

Haukupita muda simu ililia ndani ya nyumba. Ililia, ikanyamaza. Kisha mlango wa nyuma ulifunguka na Tilda akasimama kizingitini na blanketi lake, amevuta waya wa simu mpaka mwisho, mkono wa simu kifuani.

"Mama, ni Bibi Verna. Anauliza Babu ameamka?"

Raili aliinuka akakimbia, akaudaka ule mkono wa simu kizingitini.

"Mwanangu, umenipumzisha moyo kusikia uko huko," alisema Verna, na alikuwa anahema. "Nimetazama nje asubuhi hii, kwa Arvo hakuna moshi. Nikasema leo kuna jambo. Nimevaa mpaka mabuti, niko mlangoni, mara naona huo, unapanda. Nikasema ah, mzee alichelewa tu kuamka. Nikavua. Mmepatana, eti?"

Raili alitazama nyuma yake. Moshi ulikuwa umesimama wima juu ya boila, mweupe, safi, moshi wa kuni kavu, mzuri kuliko wote aliouona msimu ule. Ungeonekana kutoka kila dirisha la Barabara ya Salo. Kila aliyekuwa anatafuta koti lake sasa alikuwa analitundika.

"Bi Verna, vaa mabuti."

"Nini?"

"Vaa, uje. Njoo na trekta lako, utufungulie njia, gari la wagonjwa haliwezi kupita."

"Lakini moshi—"

"Usiutazame moshi. Njoo."

Hakungoja jibu. Alimrudisha mtoto ndani, akarudi mbio, akaketi tena kwenye barafu. Mkono wa baba yake ulikuwa baridi na mzito, na alipoushika hakujua kama kilichominya kilikuwa vidole vyake au vya mzee. Kwa mbali, kutoka upande wa barabara kuu, kitu kilikuwa kinanguruma, na hakuweza kujua bado kama ni greda au ni upepo tu unaotoka ziwani.

"Baba," alisema. "Minya tena."

Akangoja. Vile vipande vitatu viliendelea kuwaka. Vidole vikaminya.